MTI NDANI YA KOPO

(Mazungumzo ya mjumbe wa mazingira wa Kamati ya Jumuiya, kambi ya Dzaleka, Wilaya ya Dowa, Malawi, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni 2025. Yamechapishwa kama yalivyosemwa, ila salamu za mwanzo zimeondolewa.)



Kwa kawaida mjumbe wa mazingira akisimama mbele yenu, anazungumzia taka, mifereji na kuni, na ninyi mnaanza kutazama saa. Leo nitawapumzisha. Nimeombwa nieleze habari ya vile vikopo vilivyopangwa nyuma ya ofisi ya Kamati, ambavyo watu wengi wamekuwa wakiniuliza, na wengine wakivicheka. Nitaeleza vilikotoka, namna ya kuvilea, na kwa nini katika kikao chetu cha Machi vilileta mabishano.

Nianze na mabishano. Nilikuwa nimeiomba Kamati kipande cha ardhi cha hatua 6 kwa hatua 4, tuweke kitalu cha miti midogo ya makopo. Kijana mmoja, ambaye ninamheshimu sana na hivi sasa yuko hapa amekaa upande wa kushoto, akaomba nafasi, akasema: “Mzee, mti wa miaka 20 unapandwa na mtu aliyekubali kukaa miaka 20. Sisi hatujakubali.” Watu wakanyamaza. Mimi pia nilinyamaza, kwa sababu maneno yale yale niliwahi kuyasema kwa mdomo wangu.

Nilifika hapa mwaka 2006. Nilikuwa nimetoka Uvira wakati wa vita vya 1998, nikavuka ziwa, nikakaa miaka katika kambi za Kigoma, ndipo nikateremka huku. Jirani yangu wa kwanza alikuwa Mrundi, mtu mkarimu. Wiki ya pili aliniletea mche wa mwembe. Nikamrudishia. Nikamwambia kwamba kabla mche huo haujatoa ua nitakuwa nimekwisha kurudi nyumbani. Hakukasirika, akaupanda uani kwake. Yeye alikwisha kuondoka zamani. Maembe ya mti ule nayala mimi kila Desemba, na sijawahi kuyala bila kumkumbuka.

Kwa hiyo sikuwa na jibu la haraka la kumpa yule kijana. Nilikwenda nyumbani nikafikiri. Jibu nililopata ni hadithi ya kweli ya watu wengine waliokaa kambini.

Vita Kuu ya Pili ilipofika Marekani, mwishoni mwa 1941, watu wenye asili ya Kijapani waliokuwa wakiishi pwani ya magharibi ya nchi ile walianza kutazamwa kama maadui. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Roosevelt alitia sahihi amri iliyowezesha jeshi kuwaondoa. Watu wapatao 120,000 wakaondolewa majumbani mwao, na theluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani. Waliruhusiwa kuchukua kile tu ambacho mikono yao ingeweza kubeba. Ninyi mliofunga mizigo ya namna hiyo hamna haja ya kuelezwa. Mwenye duka aliliacha, mwenye shamba aliuza kwa bei ya kutupa, na mwenye miti aliiacha kwa jirani au aliiacha ife.

Wakapelekwa katika kambi 10, nyingi zikiwa jangwani au katika nchi kame. Moja iliitwa Topaz, katika jimbo la Utah, ikafunguliwa Septemba 1942. Nyumba zilikuwa mabanda ya mbao yaliyofunikwa karatasi ya lami, na vumbi liliingia kila mahali. Kuzunguka kambi kulikuwa na senyenge na walinzi wenye bunduki. Hapo ninasimama kidogo, kwa sababu sitaki kulinganisha visivyolingana. Sisi tulikimbia, wao walikamatwa. Lakini mahali hapa tuliposimama, kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, palikuwa gereza ambamo watu wa siasa walifungwa wakati wa Kamuzu Banda, na jina la Dzaleka wazee wa Malawi mpaka leo hawalitaji kwa furaha. Basi na sisi tunaishi penye historia.

Kati ya wale 120,000 walikuwamo wakulima wa maua na watunza bustani wengi. Kambini walifanya walichokijua. Walichimba mabwawa, wakapanga mawe, wakachonga mizizi ya vichaka vya jangwani. Na mmoja wao, aitwaye Juzaburo Furuzawa, akiwa kambini, alichukua mbegu ya msonobari mweusi wa Kijapani akaiotesha ndani ya kopo la bati.

Kopo, ndugu zangu. Si chungu cha kauri kilichotoka Japani.

Vita vikaisha mwaka 1945. Waliokuwa wakitoka walipewa dola 25 na tiketi ya treni. Msonobari ule uliendelea kuishi. Ukakuzwa kama bonsai, na leo upo katika jumba la makumbusho ya bonsai la Pacific Bonsai Museum, Federal Way, jimbo la Washington. Mwezi Februari 2020 wezi waliingia usiku wakauiba pamoja na mwingine uliolelewa tangu 1946. Habari ilipotangazwa, ndani ya siku chache miti yote miwili ikakutwa imewekwa njiani karibu na jumba hilo. Mwizi aligundua nini, sijui. Labda aliambiwa kwamba mti huo bila maji na bila mkono unaoujua hufa upesi. Serikali ya Marekani, kwa upande wake, iliomba radhi mwaka 1988 na kuwalipa dola 20,000 kila mmoja waliokuwa bado hai. Hesabuni kutoka 1942 mpaka 1988. Mti wa kopo ulikuwa umekwisha kuwa mtu mzima.

Sasa niseme bonsai ni kitu gani, maana nimesikia mengi. Neno ni la Kijapani, maana yake ni kitu kilichopandwa katika chombo kifupi kama sinia. Wajapani nao walijifunza kwa Wachina, kisha wakaifanya yao. Hakuna mti uitwao bonsai. Hakuna mbegu ya bonsai. Nasema hivi kwa sababu vijana wamenionyesha katika simu matangazo ya mbegu za bonsai, pakiti moja kwa bei ya kuku wawili. Mbegu hizo ni za mti wa kawaida, ambao ukiupanda shambani utakuwa mkubwa kama ndugu zake. Udogo unatokana na kukatwa, na mikono ya anayeukata.

Tena wengine husema mti huo umedumazwa kwa njaa. Hilo si kweli. Mti wenye njaa hunyauka, majani yakawa ya njano, wadudu wakauvamia. Bonsai hulishwa vizuri. Inakatwa matawi, inapunguzwa mizizi, halafu inapewa udongo mpya na mbolea. Kuna msonobari mweupe mmoja uliotoka Hiroshima, ambao umetunzwa katika chombo tangu mwaka 1625. Bomu lilipopigwa tarehe 6 Agosti 1945, mti huo ulikuwa nyuma ya ukuta katika bustani ya familia ya Yamaki, ukapona. Mwaka 1976 mzee Masaru Yamaki aliwazawadia Wamarekani mti huo, hakuwaambia neno kuhusu bomu. Walikuja kulijua jambo hilo mwaka 2001, wajukuu wake walipokwenda kuutazama. Mti unaokaa na njaa hauwezi kufika miaka 400.

Na mimi niliingiaje katika kazi hii? Niliingizwa na mwanangu. Mwaka 2011, akiwa na miaka 13, alikuwa akinunua barafu za malambe sokoni kama watoto wote. Malambe, kwa wageni, ni ubuyu. Siku moja alikusanya mbegu ambazo watoto wenzake walikuwa wamezitema, akazileta nyumbani, akazitia katika kopo la mafuta ya mgao. Mama yake akamfokea kwa ajili ya kopo. Hakuna kilichoota. Nami nikamwambia mambo ya mti yaachie wenye ardhi.

Hakuyaacha. Alikwenda kuuliza kwa wazee wa Kimalawi wanaotoka upande wa ziwani, ambako mibuyu ni mingi, wakamfundisha. Mwaka uliofuata mbegu 4 zikaota. Mwaka 2018 jina lake lilibandikwa ubaoni, yeye na mkewe, kwenda Kanada. Wakati ule alikuwa amebakiwa na mbuyu mmoja, urefu wa kiganja na nusu, shina nene chini kama chupa. Aliuliza kama anaweza kuuchukua. Akajibiwa kwamba mmea wenye udongo haupandishwi ndege hivi hivi. Basi usiku wa mwisho aliniletea lile kopo, akaniambia: “Baba, kiangazi usiumwagilie.” Ndiyo maneno aliyoniachia. Niliyasubiri mengine, hayakuja.

Mimi niliumwagilia. Nilimwonea huruma mwanangu, nikaona nisipounywesha mti wake nitakuwa nimemtupa. Juni ile majani yalikuwa yamekwisha kudondoka, nami nikawa nautia maji kila asubuhi, hata mzizi ukaanza kulainika kama kiazi kilichooza. Niliuokoa kwa kuung'oa, nikakata sehemu iliyooza, nikaulaza kivulini siku 9 bila udongo, kisha nikaupanda katika changarawe kavu. Novemba ulitoa jani moja. Nililia, na sioni haya kuwaambia.

Tangu hapo nimekuwa mwanafunzi wa mti huo, na haya ndiyo niliyojifunza. Nitakaa zaidi kwenye mbuyu kwa kuwa ndio ninaoujua.

Mbegu ya mbuyu ina ganda gumu. Ukiifukia hivi hivi inaweza kukaa ardhini muda mrefu bila kuota. Ichukue, uisugue upande mmoja juu ya tofali au msasa mpaka uone weupe wa ndani, usiingie zaidi. Kisha uiloweke usiku mmoja au miwili. Wengine humimina maji yaliyotoka kuchemka, wakayaacha yapoe na mbegu ndani yake, nayo hufaa. Lakini msiichemshe jikoni kama maharage. Mimi nilichemsha mbegu 30, nikangoja miezi miwili kitu nilichokwisha kukipika. Panda Oktoba au Novemba, joto likiwa limeanza, kina cha kidole kimoja. Ikikubali, itaota kati ya wiki moja na wiki nne. Majani ya kwanza hayafanani na mkono kama ya mbuyu mkubwa, yanakuwa jani moja moja. Msiing'oe mkidhani ni magugu, kama alivyofanya mjukuu wangu.

Kopo litobolewe chini kwa msumari, matundu yasiyopungua 8. Hapa ndipo wengi wanapoulia mti. Udongo wetu huu mwekundu ukishindiliwa katika kopo unashika maji kama bakuli, na shina changa huoza pale linapogusana na udongo. Ponda matofali ya kuchoma yaliyovunjika, uyachekeche, vumbi ulitupe, punje za ukubwa wa mchele uzihifadhi. Changanya sehemu mbili za punje hizo na sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa. Matofali yaliyovunjika hapa kambini hayajawahi kutupungukia.

Mche ukae nje. Si ndani ya nyumba, si dirishani, si juu ya redio. Mti ni mti. Wiki za kwanza uwe chini ya kivuli chepesi, baadaye jua kamili. Baridi ya Dowa ya Juni na Julai mnaijua, na mbuyu ni mtu wa joto. Miezi hiyo usogezeni ukutani upande unaopata jua, na majani yakisha kudondoka mwacheni alale bila maji. Kijana wangu alisema kweli.

Mwaka wa kwanza usikate kitu. Mwaka wa pili, ukiwa hauna majani, ung'oe, utakuta mzizi mkuu umenenepa kama karoti. Kata theluthi ya chini, acha jeraha likauke wiki nzima, ndipo urudishe katika kopo. Mizizi ya pembeni itatokea, na ndiyo itakayokaa vizuri katika chombo kifupi siku za mbele. Juu, acha tawi likimbie mpaka lirefuke, kisha ulikate fupi, liache tena, ulikate tena. Ni kule kukimbia kunakonenepesha shina. Mwenye haraka ya kuutia mti katika sahani nzuri akiwa na mche wa mwaka mmoja atakaa na kijiti milele. Kopo kubwa kwanza, miaka mitano, sita, hata kumi.

Kupinda matawi tunatumia waya wa shaba kutoka mota zilizoungua. Zungusha pole pole, na ukague kila wiki. Mbuyu wangu mimi una kovu la waya kuzunguka tawi la kulia, kwa sababu mwaka 2021 niliugua, nikausahau. Kovu hilo halitoki.

Ukitaka mti wenye sura ya utu uzima upesi zaidi, jaribu ukwaju. Mbegu yake ni rahisi, loweka tu, na majani yake ni madogo. Migunga pia ni mizuri, ila ina miiba, waulizeni wenye watoto. Mwembe na mparachichi msijisumbue nayo: shina litakuwa dogo, jani litabaki kubwa kama sahani, na mti utafanana na mtoto aliyevaa kofia ya babu yake. Huo mwembe mpandeni ardhini mle maembe.

Sasa maji. Kuna mama mmoja wa jirani aliniambia mbele ya watu, foleni ya kisima ikiwa ndefu: “Wanangu hawajaoga, nawe unanywesha vijiti.” Alikuwa na haki. Tangu siku ile hakuna tone la maji ya kisima linalokwenda katika kopo lolote nyuma ya ofisi. Tunatumia maji ya kuoshea mchele na mboga, tuliyoyaacha yapoe, na maji ya mvua ya paa. Maji ya sabuni hapana. Kopo moja linatosheka na kikombe kimoja cha chai, wakati wa joto kila siku, wakati mwingine kidole chako kiingie katika udongo kwanza kiulize. Mama huyo, niseme na hili, ana mikwaju miwili sasa.

Nirudi kwa kijana wetu. Ulisema mwenye kupanda amekubali kukaa. Nimelifikiria tangu Machi. Sina uhakika kama Furuzawa alikubali chochote. Yeye alikuwa na mbegu na kopo, na siku zilikuwa zinapita kwa kiwango kile kile awe ameotesha au hajaotesha. Mwembe nilioukataa mimi usingenizuia kurudi Uvira. Haukumzuia yule Mrundi kuondoka. Na kopo, tofauti na mwembe, lina mpini. Siku ya kurudi ikifika, ukipita kwa lori na si kwa ndege, litakaa miguuni pako. Lisipokaa, utampa mtu, na utamwachia maneno machache yaliyo sahihi, kama nilivyoachiwa mimi. Kama bado hukubaliani nami, kikao kijacho ni cha Jumanne, na nafasi ya kusema ipo.

Mwanangu hupiga simu Jumapili. Baada ya salamu anauliza, “Unaendeleaje?” Miaka ya kwanza nilikuwa najibu kwamba mgongo unauma lakini namshukuru Mungu, hata siku moja akacheka akaniambia, “Baba, naulizia mbuyu.” Kule kwao kuna miti ya mepo, ile ambayo jani lake liko katika bendera yao, na mbegu zake zina bawa, zinaanguka barabarani. Aliziokota akaziweka katika kopo nje ya nyumba, theluji ikazifunika miezi yote ya baridi. Mimi nikamwambia zimekufa. Akasema mbegu hizi bila baridi haziamki, kama zetu bila kusuguliwa. Mei ziliota 3.

Mbuyu una miaka 13 sasa na upo pale mezani, mtautazama mkitoka, msiuguse shina. Mbegu zipo katika mfuko kwa katibu, tano kwa kila kaya, ukwaju kwa wasiotaka mbuyu. Mzihifadhi pakavu mpaka Oktoba, na msizitie majini kabla ya hapo. Jumamosi saa 3 asubuhi tutatoboa matundu nyuma ya ofisi. Misumari na nyundo vipo. Kopo kila mtu aje na lake.